Mhadhara Ulioandikwa Gereji

Gertrude Stein alipoalikwa kuhutubia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, jibu lake lilikuwa la haraka: hapana. Mwandishi huyu Mmarekani aliyeishi Paris alikuwa na miaka hamsini na ushei, lakini kusimama mbele ya watu na kusoma kulimtia hofu. Mshairi Mwingereza Edith Sitwell akamwandikia kwamba hiyo hapana lazima igeuke ndiyo. Ikageuka.

Stein mwenyewe anasimulia kwamba siku moja ya baridi alipeleka gari lake la Ford gereji. Akakaa kwenye ngazi ya Ford nyingine kuukuu, akawatazama mafundi wakilifungua gari lake na kulifunga tena, huku akiandika. Saa kadhaa baadaye alirudi nyumbani mwili umemganda, gari limetengenezeka na mhadhara mzima, “Composition as Explanation” (yaani, Utungaji kama Ufafanuzi), umekwisha. Akaanza kuuliza watu jinsi ya kusoma hadharani. Mmoja akamshauri aseme upesi na asiinue macho kamwe. Mwingine, aseme polepole na asiyainamishe kamwe. Juni 1926 aliusoma Cambridge na Oxford, na mwaka huohuo Hogarth Press, shirika la Leonard na Virginia Woolf, likauchapisha.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana ndiko sisi wahifadhi nyaraka tunakoangalia. Stein aliandika kwa mkono, mara nyingi kwenye madaftari ya wanafunzi wa Kifaransa, na mwandiko wake ulikuwa hausomeki. Mara nyingine yeye mwenyewe alishindwa kuusoma, na mwenzi wake Alice B. Toklas, ambaye ndiye aliyempigia taipu, akaweza. Kwa hiyo kati ya daftari na kitabu kuna jicho na vidole vya mtu wa pili.

Kwa mwandishi mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Kwa Stein si dogo hata kidogo. Yeye hurudia neno mpaka msomaji adhani mpigachapa amesinzia. Ukisoma fasihi shuleni hilo utaliita takriri. Mkato aliudharau, akasema una tabia ya kitumwa, na alama ya kuuliza ilimchosha. Mhariri mwenye nia njema akikuta sentensi ndefu isiyo na mkato atataka kuisaidia. Asiisaidie! Kwanza afungue mswada, alinganishe na nakala ya taipu, kisha na kitabu kilichochapwa. Neno lililojirudia kwenye daftari na kwenye taipu vilevile si kosa. Lililojirudia kwenye taipu peke yake ndilo la kutiliwa shaka.

Kulinganisha huko kunawezekana kwa sababu Stein alianza kupeleka karatasi zake Chuo Kikuu cha Yale angali hai, na wosia wake ukakipa miswada iliyobaki alipofariki mwaka 1946. Leo zimo katika Maktaba ya Beinecke ya chuo hicho. Ukifika chumba cha kusomea, wino unauacha nje. Unaingia na penseli.