Marceline hakuwa analia tu: kuhusu barua za Desbordes-Valmore

Nimechoka jamani. Kila nikisema nafanyia kazi barua za Marceline Desbordes-Valmore, mshairi wa Kifaransa wa karne ya 19, lazima atokee mtu, tena kwa nia njema kabisa, aniambie "aah yule mama, alikuwa anamwaga moyo tu kwenye karatasi". Juzi nimeambiwa tena, na safari hii msemaji ni mtu anayefundisha fasihi, akaongeza eti ndo uzuri wake, hakusoma, hakupanga, aliumia akaandika. Nikaona basi, niandike hapa mara moja maana kumjibu kila mmoja kivyake siwezi tena.

Maisha yake napita haraka. Kazaliwa Douai, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1786, akapelekwa Guadeloupe na mama yake wakitafuta ndugu wa kuwasaidia, mama akafia kule kwa homa ya manjano, binti akarudi 1802 hana mama wala hela. Akaishi kwa jukwaa, kuigiza na kuimba, kitabu cha kwanza cha mashairi kikatoka 1819, akafariki Paris 1859. Mume wake Prosper Valmore, walifunga ndoa 1817, naye mwigizaji, mdogo kwake kwa miaka saba hivi. Verlaine, mshairi aliyekuja baadaye, alimweka kwenye kitabu chake cha washairi waliolaaniwa (Les Poètes maudits), mwanamke peke yake mle ndani.

Sasa hilo wazo la moyo uliomwagwa naona linatoka kwenye shairi moja, Une lettre de femme (barua ya mwanamke), lile linaloanza kwa kusema anajua wanawake hawatakiwi kuandika ila yeye anaandika hivyo hivyo, ili aliye mbali aweze kusoma moyoni mwake. Watu wamelifanya shairi hilo ndo ushahidi wa barua zake zote, si unaona kasema mwenyewe. Ebu hesabu mizani kwanza. Mshororo wa kwanza 12, wa pili 4, wa tatu 12, wa nne 4, na anakwenda hivyo hivyo mpaka mwisho. Ule mshororo mfupi unakuja kama pumzi iliyokatwa, na aliyeamua ikatwe pale ni yeye. Jaribu kutunga beti mbili tu za namna hiyo halafu njoo uniambie hakupanga. Na kwenye kitabu kile kile lilimo shairi hilo, Poésies inédites, kilichotoka Geneva 1860 yeye ameshazikwa, kuna Les séparés (waliotengana), ambapo ombi linalorudi rudi ni la kinyume kabisa: usiniandikie. Haya, moyo wake uko kwenye lipi? Huyu ni mshairi aliyeichukua barua kama mada akaitazama kwa mbele na kwa nyuma. Huyo huyo ndo aliyetunga kwa mizani 11 wakati wenzake wameng'ang'ania 12, na Verlaine, ambaye baadaye alizipigia debe mizani za namba witiri, alimtambua yeye kwa hilo.

Barua zenyewe ni habari nyingine, na hapa ndo ninapokereka hasa, maana wengi hawajawahi kuifikiria barua kama kitu cha kushikwa mkononi, kitu chenye bei.

Mpaka mwisho wa 1848, barua Ufaransa kwa kawaida ilikuwa inalipiwa na anayeipokea. Kuanzia 1828 bei ilikwenda kwa uzito na umbali, desime 2 (desime moja ni sentimu 10) kwa aliye jirani mpaka 12 kwa aliye mbali kabisa, na ukivuka gramu 7 na nusu inapanda. Stempu ya sentimu 20 kwa nchi nzima imeanza Januari 1849, Marceline ana miaka 62 tayari. Yaani karibu maisha yake yote ya kuandika, kila akimwandikia maskini mwenzie alikuwa anamtoza hela, na karibu watu wake wote walikuwa maskini. Kwa hiyo unaandika ukijua, unabana maandishi, unajaza karatasi mpaka kingo, unangoja msafiri anayeelekea huko ukampa mkononi, na ukiwa na habari za watu watatu unazipakia kwenye karatasi moja uwaombe wasomeane. Ukishajua hayo huwezi tena kuiita barua mnong'ono wa watu wawili. Mara nyingi ni karatasi itakayosomwa kwa sauti mbele ya familia, na mwandishi analijua hilo tangu mstari wa kwanza.

Na karatasi yenyewe. Bahasha hazikuwa zinatumika sana. Unachukua karatasi moja, unaikunja, inakuwa kurasa nne, tatu za kuandikia, ya nne unaacha nafasi katikati kwa ajili ya anwani, unakunja tena ikawa kifurushi kidogo unabandika nta. Mpokeaji akiivunja ile nta mara nyingi ananyofoa na kipande cha karatasi, ndo maana kwenye hati za zama hizo unakuta tundu ukingoni na maneno mawili matatu yameondoka nalo. Mhariri akichapa anaweka nukta tatu. Halafu anakuja msomaji wa leo anaona nukta tatu anasema tazama, hapa machozi yamemzidi kashindwa kumaliza sentensi. Ni nta! Nta iliyochomolewa kwa haraka na mtu aliyekuwa na hamu ya kusoma. Na tarehe pia, barua za siku hizo zinaweza kusema "Jumanne jioni" tu, mwaka hamna mwezi hamna, wewe mtafiti unabaki unahangaika na muhuri wa posta kwenye ule ukurasa wa nne, na kama barua ilibebwa na msafiri hata huo muhuri hamna, unapanga kwa kukisia kutokana na nani anaumwa, nani kahama, nani kafa. Ukikosea mwaka unamfanya analia msiba ambao haujatokea. Hili halisemwi sana kwenye vitabu ila mpangilio wa tarehe kwenye barua zake una sehemu imara na sehemu laini, na hadithi nzuri nzuri za maisha yake kuna zilizojengwa juu ya sehemu laini.

Halafu, anamwandikia nani? Kaka yake Félix, askari wa zamani aliyewahi kuwa mfungwa wa Waingereza enzi za vita vya Napoléon, amezeekea kwenye nyumba ya wasiojiweza kule Douai. Kwa Félix anatuma vihela, na anaandika kwa namna ya kumnyanyua, asijione mzigo, wakati yeye mwenyewe Paris anahamahama nyumba. Kwa wakubwa anaandika barua za maombi, kumtafutia Valmore kazi kwenye majumba ya maigizo, kuombea wafungwa, kuombea watu asiowajua vizuri, na humo adabu zote zimekaa sawa, hakuna neno la bahati mbaya. Kwa Pauline Duchambge, aliyetia muziki mashairi yake, hapo kweli uzi unalegea, wanazeeka pamoja na ufukara wao na wanaambiana. Kwa Valmore anapokuwa Lyon au Brussels anaandika kama mke anayeendesha nyumba kwa mbali, hela, watoto, nani kaahidi nini, nani hajatimiza, halafu katikati ya hayo mapenzi, halafu hela tena. Ukichukua mstari mmoja kwa Pauline ukaubandika na mmoja kwa Félix ukasema "hii ndo roho ya Marceline" umechanganya watu wawili walioandikiwa vitu viwili tofauti kwa sababu mbili tofauti.

Kuna barua moja kwa Valmore ambayo mimi huwa nairudia kila mara, na ningependa kila mwalimu anayesema alimwaga moyo aisome kabla hajaingia darasani. Valmore ana wivu. Kasoma mashairi ya mkewe, kaona mapenzi makali ya mwanaume mwingine mle, anauliza. Na Marceline anamjibu kwamba kama ushairi unaharibu furaha yake ya pekee, ndoa yao, basi huo ushairi ni dude baya, na anamkumbusha kwamba ameshamwambia mara nyingi kuwa elegia (mashairi ya huzuni) na nyimbo zake nyingi alizitunga kwa kuagizwa, kapewa mada, katunga. Kwa kuagizwa! Mshairi wa machozi ya asili, yeye mwenyewe kwa mkono wake, anasema ni kazi ya oda.

Sasa hapo ndo pagumu, sitaki kujifanya pana jibu rahisi. Ukiamini hiyo barua, basi mashairi sio maungamo, na wale wote waliosoma mashairi kama shajara wamepotea. Usipoiamini, ukasema anamtuliza mume tu, basi barua ndo sio maungamo, na wote waliosoma barua kama moyo mtupu wamepotea. Vyovyote utakavyochagua, lile wazo la kumwaga limekufa upande mmoja. Mimi naelemea kwamba anasema nusu ya ukweli, maana kweli nyimbo za kuimbwa sebuleni kwa wenye nacho wakati ule zilikuwa zinaagizwa na kuuzwa, na kweli pia kulikuwa na mwanaume. Lakini nakiri kuna siku naisoma naona ni ukweli mtupu wa mtu wa kazi aliyechoka kueleza kazi yake, na kuna siku naona ni mke anayezima moto, na sijapata kipimo cha kunitoa hapo. Wenzangu wanaoandika kwa uhakika mkubwa kuhusu barua hii nawaonea mashaka.

Huyo mwanaume, haraka haraka: wengi wetu tunakubali kwamba yule mpenzi anayeitwa "Olivier" mashairini ni Henri de Latouche, mwandishi, na wapo wanaosema ndiye baba wa Ondine, binti aliyezaliwa 1821. La kwanza lina nguvu. La pili ni hesabu za miezi na minong'ono, mimi silitumii. Ila tazama kitu hiki, Latouche alipofariki 1851, Sainte-Beuve, mhakiki wa fasihi, akamwomba Marceline amweleze mtu yule alikuwaje, na jibu lake ni barua ya ajabu, anasema hakuwahi kulifumbua fumbo lile lenye giza na mng'aro, anamtetea, anamlaumu kidogo, anapita pembeni ya kila kitu ambacho Sainte-Beuve angetaka kusikia. Anajua kabisa maneno yake yatachapwa. Hiyo ni barua ya mtu anayejua kuandika, anayejua nani atasoma, na anayechagua kuficha nini.

Na huyo Sainte-Beuve ndo tunamfikia, kwa sababu hata tukisema "barua zake" tunasema barua zilizopitia mikononi mwa watu. Mwana wa Marceline, Hippolyte, mtoto pekee aliyebaki baada ya dada zake Inès kufa 1846 na Ondine 1853, ndiye aliyetunza karatasi na kumpa Sainte-Beuve azitumie. Sainte-Beuve akatoa vipande, kitabu kikatoka 1870 mwenyewe ameshafariki, na picha aliyoichora ni ya mama wa mateso, mtakatifu, anayetoa na kulia na kutoa. Alikuwa mtu wa karibu wa familia, aliwahi kufikiria kumwoa Ondine, hawezi kuwa shahidi asiye na upande. Alichagua mistari ya huzuni na hisani, na tangu hapo kila mtu ananukuu vile vipande vyake. Kisha Benjamin Rivière, mkutubi wa Douai, akatoa juzuu mbili 1896, mwaka ule ule mji ulipomsimamishia sanamu, kwa hiyo jiulize ni mwanamke gani mji ulitaka kumwona. Barua kwa Valmore zikaja kwa wingi 1924 na Boyer d'Agen. Kila mmoja kapunguza, kasahihisha tahajia, kapanga anavyoona. Mimi mwenyewe nikitafsiri najikuta mkono unakwenda kwenye mistari ile ile ya huzuni kwa sababu ndo inayosikika vizuri, na sina hakika kwamba kila mara najizuia.

Sisemi hakuumia. Kazika watoto wanne kati ya watano, jamani, nani angesema hakuumia. Nachosema ni kwamba mtu anaweza akaumia na bado akawa na kazi mkononi, na barua ni sehemu ya kazi hiyo.

Na kama bado unadhani alikuwa anaangalia moyo wake tu, soma alivyoandika kutoka Lyon. Aliishi kule wakati wafumaji wa hariri walipoinuka Novemba 1831 na tena Aprili 1834. Ya 1831 alimweleza rafiki yake wa Bordeaux wakati mji bado unatetemeka, na anasema wazi kwamba siasa haikuwa na nafasi pale, ni uasi wa njaa. Anaeleza alichokiona na alichosikia, nani kafanya nini, kama ripota, na hasira iko chini chini imeshikiliwa. Ya 1834 akaitungia shairi juu ya maiti mitaani na mauaji yanayolipwa mshahara, likachapwa 1860 yeye hayupo tena. Barua ile na shairi lile viweke pamoja mezani, utaona mtu mmoja anafanya kazi mbili kwa vifaa viwili.

Juzuu za Rivière ni mali ya umma sasa, Kifaransa chake hakitishi. Anza na barua kwa Valmore na zile za Lyon, kitabu cha Sainte-Beuve kiweke mwisho, na ukikuta nukta tatu usilie kwanza, uliza karatasi ilichanikia wapi.