Je, wajua kwa nini mwenye damu 6 anaweza kufika zahanati kwa miguu?

Wahudumu wa zahanati wanawajua watu hawa. Anaingia akitembea, analalamika uchovu tu, akipimwa wingi wa damu unakutwa gramu 6 kwa desilita, nusu ya kawaida au chini yake. Aliyeshuka ghafla hadi hapo angekuwa hajiwezi kitandani. Damu ikipungua polepole, mwili hupata nafasi ya kujipanga. Moyo huongeza mapigo, ndiyo, lakini ujanja mzuri zaidi umo ndani ya chembe nyekundu yenyewe.

Himoglobini, ile inayohesabiwa katika gramu hizo, ndiyo mbeba oksijeni, na ni choyo: mtu akiwa ametulia, hurudi mapafuni ikiwa bado imeshikilia karibu robo tatu ya mzigo. Anayeilegeza ni molekuli ndogo iitwayo BPG, ambayo chembe nyekundu huitengeneza inapovunja sukari. Himoglobini ina uwazi katikati; BPG hujipachika humo kama kabari, na oksijeni huachiwa kwa urahisi zaidi. Watafiti Ruth na Reinhold Benesch walilionyesha jambo hili mwaka 1967. Damu ikipungua, BPG huongezeka. Huongezeka pia kwa anayepanda Kilimanjaro.

Wanaonishangaza zaidi ni waliozaliwa na upungufu wa piruveti kinesi, kimeng'enya cha hatua ya mwisho ya kuvunja sukari. Njia ikiziba huko mbele, BPG hurundikana nyuma kama maji kwenye mfereji uliojaa taka. Chembe zao hufa mapema, lakini wao huvumilia kuliko namba za maabara zinavyotisha. Kikipungua kimeng'enya cha hatua ya kwanza, heksokinesi, BPG hushuka, na mgonjwa mwenye namba ileile huchoka zaidi.

Kwa mwenye selimundu, msaada huu hugeuka mzigo. Himoglobini yake hushikamana na kuikunja chembe kama mundu pale inapokuwa imeachia oksijeni, na BPG ndiyo inayoihimiza iachie. Mwili unaona damu haitoshi, unaongeza BPG, chembe zinajikunja zaidi. Ndiyo maana watafiti wamekuwa wakiwajaribia wagonjwa hao mitapivat, dawa inayoichangamsha piruveti kinesi ili BPG ipungue.

Hata damu ya kuongezewa ina kisa chake. Ikikaa kwenye jokofu wiki mbili hivi, karibu BPG yote huwa imekwisha. Ikishaingia mwilini, chembe huitengeneza upya ndani ya saa kadhaa hadi siku mbili tatu.