Ubora wa nyenzo huria za kujifunzia maana yake nini?

Nyenzo huria za kujifunzia ni vitabu, video, mazoezi na masomo ya kidijitali ambayo mwenye hakimiliki ameruhusu watu wayatumie, wayanakili, wayarekebishe na kuyasambaza bila malipo. Dhana hiyo ilipewa jina katika mkutano wa UNESCO mwaka 2002, na ruhusa yenyewe huandikwa kwa leseni, mara nyingi ya Creative Commons (CC), shirika linalotoa leseni zilizo tayari ambazo yeyote anaweza kuzitumia kwa kazi yake. Kuhakikisha ubora wake ni kuhakikisha kwamba atakayeifungua nyenzo atajifunza kilicho sahihi, kwa namna anayoielewa, na kwamba anaitumia kwa haki.

Usahihi ndio unaoanza. Chukua zoezi la fizikia: swali linataka kasi kwa mita kwa sekunde, lakini ukurasa wa majibu umeandika 72 tu, ambayo ni kilomita kwa saa. Mwanafunzi aliyepata 20 hajakosea hata kidogo. Ila anasoma peke yake kwenye simu, hana wa kumuuliza, kwa hiyo anafuta jibu lake na kuanza kutilia shaka hesabu anayoiweza. Darasani mwalimu angelisahihisha kosa hilo kwa sentensi moja.

Somo sahihi nalo linaweza kumtupa msomaji. Kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa hakisomeki kwa programu zinazowasomea wasioona, kwa sababu programu inaona picha, haioni maneno. Na michoro iliyookotwa mtandaoni bila ruhusa humwingiza matatani hata mwalimu aliyeisambaza kwa nia njema.

Nani anakagua? MERLOT, mkusanyiko wa mtandaoni wa nyenzo za kujifunzia ulioanzia Chuo Kikuu cha Jimbo la California mwaka 1997, huwapa wataalamu wa somo kazi ya kuhakiki, wakitazama maudhui, uwezo wa kufundishia na urahisi wa kutumia. OpenStax, mchapishaji wa vitabu huria wa Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani, huhakiki vitabu vyake kabla ya kuvitoa, kisha hupokea taarifa za makosa kutoka kwa wasomaji na kurekebisha. Kwengine kuna nyota tu zinazotolewa na watumiaji. Mimi sizitegemei sana: zinaonyesha kilichopendwa, na video inayochekesha hupendwa hata ikiwa na kosa.

Ugumu wenyewe uko kwenye nakala. Nyenzo ikishapakuliwa, ikakatwa kipande, ikatafsiriwa na kutumwa kwenye kundi la walimu, marekebisho ya chanzo hayaifuati tena. Kosa lililoondolewa kwenye toleo la asili linaendelea kufundishwa kwengine kwa miaka. Ndiyo maana uhakiki wa siku ya kuchapisha hautoshi. Kila nakala inapaswa kubeba tarehe ya toleo, kiungo cha kurudi kwenye chanzo, na maelezo ya kilichobadilishwa. Leseni ya CC BY 4.0, ile ya Creative Commons inayoruhusu kurekebisha mradi mwandishi atajwe, yenyewe inamtaka aliyerekebisha aseme kwamba amerekebisha, sharti ambalo wengi hulipita kimyakimya.

Na faili litolewe katika muundo unaoharirika. Mwalimu akipewa PDF peke yake, leseni inamruhusu kusahihisha, lakini kwa vitendo atalazimika kuchapa upya ukurasa mzima ili abadilishe tarakimu moja.