Tope lililovurugwa halijafa

Nyayo, nanga au dhoruba zikikwangua ule utando wa kahawia juu ya tope la mlango wa mto, wengi hudhani uhai umeondoka na utachukua miaka kurudi. Sivyo. Utando huo ni wa diatomu, mwani wa seli moja usioonekana bila hadubini, na nyingi hujisogeza zenyewe kwa kutoa ute. Maji yakipwa mchana hupanda kufuata mwanga. Yakikaribia kujaa hujichimbia tena milimita chache. Ndiyo maana ukikwangua juu, zilizobaki chini hupanda, nyingine huletwa na maji, na zikipata mwanga wa kutosha huongezeka kwa kugawanyika ndani ya siku chache.

Kwenye mlango wa mto Scheldt, Uholanzi, watafiti walifunika tope mpaka wanyama wake wakafa kwa kukosa oksijeni. Walipofunua, diatomu zilistawi kweli kweli, kwani walaji wake walikuwa bado hawajarudi. Kwa hiyo rangi ikirejea upesi (tena ikikolea kupita kiasi!) usiharakishe kusema tope limepona. Chimba kidogo uangalie minyoo na kome. Hao huchelewa zaidi.