Mustang GT, filta ya koni na ule uongo wa "unafunga tu unawasha"

Swali limerudi tena: Mustang GT ya 2007, bomba jipya la kuvutia hewa lenye filta ya koni, je, linahitaji tuni (kuandika upya programu ya kompyuta ya injini)? Na maelezo yaleyale. "Haihitaji tuni. Jamaa kafunga kwenye Challenger yake na iko poa." Basi niandike mara moja, wengine nitawatumia linki.

Challenger ya injini ya Hemi haina MAF, yaani sensa ya kupima hewa inayoingia. Inasoma presha ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) kwa sensa ya MAP, inachanganya na joto la hewa na mizunguko ya injini, inapiga hesabu ya hewa iliyoingia. Badilisha bomba la mbele utakavyo, hesabu haiguswi. Mustang GT ya 2005 hadi 2010, ile ya lita 4.6 yenye valvu tatu kwa silinda, inategemea MAF, na MAF yenyewe imechomekwa kwenye njia ileile ya hewa unayotaka kuing'oa. Camaro ya 2010 inazo zote mbili. Kwa hiyo ushahidi wa mwenye Challenger haufai kitu hapa, hata kama magari yote matatu yamevaa sura za zamani.

MAF haipimi hewa yote. Inapima jinsi waya wa moto unavyopozwa na hewa inayoupitia, yaani kipande kidogo tu cha mkondo, kisha kompyuta inakisia kilichobaki kwa jedwali lililoandikwa kwa bomba la kiwandani. Mto ukifika mahali papana, maji yaleyale hutulia. Anayehesabu kwa kasi peke yake atasema maji yamepungua. Chukua mfano wa kipenyo cha milimita 80 kuwa 95. Eneo linaongezeka kwa asilimia 41, kasi inabaki asilimia 71. Injini inavuta hewa ileile, kompyuta inaona pungufu kwa asilimia 29, na inakata mafuta kwa kiasi hicho.

Ukitembea taratibu, sensa za oksijeni zinagundua na kompyuta inaongeza mafuta. Ikikaribia kuongeza asilimia 25 inagota, taa ya injini inawaka, unasoma P0171 na P0174, kodi za mafuta pungufu. Wengi wanaishia hapo: "ni taa tu, ifute."

Si taa tu! Kompyuta iliyoamini hewa ni kidogo inaamini pia kwamba mzigo ni mdogo, kwa hiyo inawahisha moto wa plagi. Mafuta yamepungua na moto umewahi, vyote kwa pamoja, na mguu uko chini kabisa. Sensa za oksijeni za injini hii hazikusaidii hapo: zinajua kama umevuka hewa 14.7 kwa mafuta 1 kwenda juu au chini, basi, wakati mzigo kamili unataka karibu 12.5. Sensa za kugonga (mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda) zipo, lakini zinarudisha moto nyuma baada ya kugonga kuanza. Na ndiyo sababu gari "linavuta" wiki ya kwanza. Kinachovuta ni ule moto uliowahishwa, na bili yake italipwa na pistoni.

Sasa, zipo seti za bomba na filta zilizoacha kipenyo cha kiwandani pale sensa inapokaa, na hizo kweli hazihitaji tuni. Pima kwa kalipa mahali pa sensa, achana na mdomo wa filta na maandishi ya boksi.

Kufunga kwenyewe ni kazi ndogo. Toa waya hasi wa betri, hamisha sensa (skrubu mbili, usiguse waya wa ndani), mshale wa sensa uelekee injini. Rudisha mpira wa kupumulia wa kava ya valvu. Filta ya kupakwa mafuta ipakwe kidogo, maana yakizidi yanaganda kwenye waya wa sensa na unarudi palepale.

Kisha chomeka kipima cha OBD2 (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) usome marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, kwanza sailensa, yaani injini ikiunguruma gari limesimama, halafu mwendo wa barabara kuu. Ndani ya asilimia 5 ni salama. Yakiwa juu sailensa na kushuka ukikanyaga, kuna upenyo wa hewa: kaza klampu, angalia ule mpira. Yakipanda kadiri hewa inavyoongezeka, jedwali la MAF ndilo si la bomba hilo.

Nguvu inayopatikana? Hapa hata mimi nasitasita. GT hii ya 2007 ilitoka kiwandani na nguvu farasi 300 kwa petroli ya kawaida ya Marekani, oktani 87 (oktani ni uwezo wa petroli kustahimili kugonga). Tuni ya petroli bora inawahisha moto kwa mpango na kufungua njia ya hewa mapema zaidi ukikanyaga pedali, kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachosifiwa ni tuni, na pedali inadanganya mguu. Farasi wachache wa filta yenyewe wanaweza kumezwa na tofauti ya joto kati ya vipimo viwili vya daino, mashine ya kupimia nguvu. Sauti ni ya kweli, sibishi.

Walioko Muscat na Dubai waangalie jambo moja zaidi. Oktani ina vipimo viwili, RON na MON, na Marekani hutumia wastani wake. Ghuba hutumia RON. Tuni iliyoandikwa kwa 93 ya Marekani inataka takriban 98 ya pampu zenu. Ukijaza 95 umeweka 91 ya kwao, kwenye joto la nyuzi 45, na filta ya koni inanyonya hewa ya radieta kama ngao yake ya joto haikufungwa. Agiza tuni ya 91 ya Marekani, na ngao usiiache kwenye boksi.