Ngiri Isiyoonekana: Mwanaume Anapoumwa Tumbo, Choo na Mkojo kwa Wakati Mmoja

Hapa Tanga mwanaume akiumwa chini ya kitovu, jina la kwanza linalomjia mdomoni ni ngiri. Tumbo likinguruma usiku, ngiri. Kiuno kikivuta, ngiri. Akienda haja ndogo kila baada ya nusu saa, akipata choo cha mbuzi siku tatu kisha akahara siku ya nne, akaona na nguvu za kiume zimepungua, yote huwekwa chini ya jina hilo. Wengine husema chango, wengine mshipa. Sisi tunaowapokea kliniki hatulidharau jina hili, kwa sababu linatuambia kwamba mgonjwa mwenyewe ameshagundua kuwa tumbo, choo na mkojo wake vinaumwa pamoja. Taabu inaanza pale anapotafuta dawa moja ya jina moja, ilhali chini yake yamejificha maradhi mawili au matatu.

Ngiri tunayoijua sisi ni kitu cha kuonekana au kushikika. Kipande cha utumbo au cha mafuta ya tumboni kinapenya kwenye ukuta wa tumbo uliolegea, mara nyingi kinenani, kinatokeza kama uvimbe ukisimama au ukikohoa, na mara nyingi kinarudi ukilala. Tiba yake ni upasuaji, wala hakuna mzizi unaoziba tundu hilo. Busha nalo ni jambo jingine: ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, na pwani hii tunalifahamu tangu enzi za babu zetu kwa sababu ya minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Ndiyo sababu mkoani kwetu dawa za kinga zilianza kugawiwa kwa jamii nzima mwaka 2004. Lakini mtu aliyeumwa miezi sita, asiye na uvimbe wowote, choo kinabadilikabadilika na mkojo haumpi raha, huyo maumivu yake ni ya kweli kabisa. Anahitaji jina lingine, na pengine majina mawili.

Kwa nini viungo hivi huugua pamoja? Fikiria nyumba ya kupanga yenye ukumbi mmoja katikati. Kibofu cha mkojo kiko mbele, utumbo wa mwisho uko nyuma, na tezi dume imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Chini yao wote kuna misuli ya nyonga iliyotandikwa kama kitanda cha kamba, ndiyo inayowabeba. Mishipa ya fahamu inayowahudumia hutoka sehemu moja, chini kabisa ya uti wa mgongo. Mpangaji mmoja akipiga kelele, ubongo hausikii vizuri zimetoka chumba gani. Choo kigumu kikikaa siku nyingi hukibana kibofu kutoka nyuma, mkojo ukawa wa mara kwa mara au ukatoka kwa kusuasua. Maumivu ya tezi dume huikaza ile misuli ya nyonga, na misuli ikikaza, choo nacho kinagoma kutoka. Mtu anajikamua, misuli inazidi kukaza, maumivu yanazidi.

Hapo ndipo dawa zinapoingia, na ninaomba nikae hapa kidogo, maana madhara mengi ninayoyaona hayakuletwa na ugonjwa wa kwanza.

Mwanaume huyu huanzia duka la dawa. Anaeleza kwamba mkojo unachoma, anaambiwa ni U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, anapewa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, ya siku tano. Anapata nafuu kidogo, hali inarudi, anapewa nyingine. Mwezi wa tatu tumbo linaanza kujaa gesi na kuharisha, kwa sababu dawa za kuua bakteria huua na wale wema wanaoishi utumboni. Sasa anaambiwa ni taifodi, kwa kipimo cha damu ambacho hata mtu aliyewahi kuugua zamani kinaweza kumwonyesha mgonjwa. Dawa nyingine tena. Anaongeza sanamaki ya kusafisha tumbo, kila wiki, na sanamaki ni dawa ya kuharisha yenye nguvu inayoliacha tumbo likinyonga. Anapewa vidonge vya kutuliza msokoto wa tumbo, vile vyenye hayosini, na kama tezi dume yake imekua, vidonge hivyo vinakilegeza kibofu mpaka mkojo unashindwa kutoka. Dawa nyingi za mafua zinazoleta usingizi zina tabia hiyohiyo. Nimewapokea wazee ambao mkojo ulifunga kabisa usiku, na chanzo kilikuwa kidonge cha mafua.

Maambukizi ya njia ya mkojo kwa mwanaume aliye chini ya miaka 50 si jambo la kila siku. Yakitokea, na hasa yakijirudia, mkojo unapaswa kuoteshwa maabara ili mdudu ajulikane na dawa inayomweza ijulikane. Kupewa antibayotiki ya tatu bila mkojo kuoteshwa hata mara moja si matibabu. Una haki ya kuuliza.

Kazi yetu ya kwanza kliniki ni kuyatafuta yale yasiyongoja. Damu kwenye mkojo, hata kama imeonekana mara moja tu na haina maumivu. Damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami. Kupungua mwili bila sababu, homa za usiku, kuamshwa na maumivu au kuhara katikati ya usingizi, na tabia ya choo kubadilika kwa mara ya kwanza ukiwa umeshapita miaka 45 au 50. Haya yanataka uende hospitali wiki hiihii. Mengine ni ya saa hiihii: mkojo uliofunga kabisa, ganzi sehemu za siri na makalioni ikiambatana na miguu kukosa nguvu, au uvimbe wa ngiri uliogoma kurudi, ukawa mgumu, unauma, na mtu anatapika. Usingoje asubuhi.

Kwenye damu ya mkojo, mtu wa Tanga lazima afikirie kichocho. Wengi tulikulia kwenye madimbwi na vijito vya Muheza, Pangani na viunga vya mji, na konokono wa maji baridi wanaobeba vimelea hivyo wamo humo. Mtoto akikojoa damu, wenzake walimcheka tu. Mayai ya vimelea hukaa kwenye ukuta wa kibofu miaka mingi, ukuta unakuwa mgumu na kibofu kinashindwa kutanuka. Miaka ya baadaye mtu anakojoa kidogokidogo mara nyingi, na kwa wengine kansa ya kibofu huanzia hapo. Dawa ipo, prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, humezwa mara moja. Na kuna jambo dogo lenye faida kubwa: mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo mkojo wa kupima kichocho utolewe muda huo. Ule wa alfajiri unaweza kutudanganya.

Tutapima pia sukari ya damu, kwa sababu kisukari peke yake kinaweza kuleta mkojo mwingi, choo kigumu na nguvu za kiume kupungua, yaani ile "ngiri" yote. Tutafikiria kifua kikuu, ambacho kinaweza kukaa tumboni au kwenye figo. Tutauliza kuhusu kisonono cha zamani, maana kinaacha makovu yanayoubana mrija wa mkojo miaka mingi baada ya mtu kupona. Tutakuomba ruhusa ya kuipima tezi dume kwa kidole. Najua wanaume wengi hukimbilia mlangoni hapo. Kipimo hicho hakifiki hata dakika moja, kinafanywa faraghani, na hakimwondolei mtu heshima yake. Kwa kidole tunajua kama tezi ni ngumu, ina vinundu au inauma, na kama choo kimejaa nyuma yake. Kipimo cha damu cha tezi dume, kile kiitwacho PSA, peke yake hakitoshi, kwani kinaweza kupanda kwa maambukizi na hata kwa kuendesha baiskeli masafa marefu, na mji wetu ni wa baiskeli.

Mara nyingi hatupati lolote la kutisha, na mgonjwa anavunjika moyo. "Sasa daktari, unataka kuniambia siumwi?" Hapana, mzee wangu, unaumwa. Kuna hali mbili ambazo mashine haizioni. Ya kwanza ni utumbo ulio mwepesi wa kuchokozeka: maumivu ya angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yanayoambatana na kwenda haja au choo kubadilika. Ya pili ni maumivu sugu ya nyonga na tezi dume, yanayodumu miezi mitatu au zaidi, kati ya korodani na njia ya haja kubwa, kinenani au wakati wa kumwaga mbegu. Wengi wenye hali hii ya pili hawakutwi na bakteria wowote, ndiyo maana antibayotiki haziwaponyi. Na hali hizi mbili hupenda kukaa kwa mtu mmoja.

Tiba yake ni ya taratibu, na tunaanza na choo. Choo kikilainika, mara nyingi mkojo nao unatulia bila dawa yake. Papai, mchicha na uji wa shayiri husaidia. Mbaazi za nazi za asubuhi ni tamu lakini kwa utumbo uliochokozeka huleta gesi, basi zipunguze wiki mbili uone. Maji lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, yagawanywe, na yapungue saa mbili tatu kabla ya kulala. Madereva wa mabasi ya Dar es Salaam huacha kunywa ili wasisimame njiani, kisha hunywa yote usiku. Kibofu hakipendi hivyo. Kahawa chungu ya barazani ichunguze: vikombe vitano jioni vinatosha kumnyima mtu usingizi kwa mkojo. Mirungi, mbali na kupigwa marufuku na sheria, hukausha choo na kubana njia ya mkojo.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukipe wiki nne. Ukibadilisha vitano pamoja hutajua kipi kimekusaidia. Misuli ya nyonga ifundishwe kulegea: lala chali, magoti juu, vuta pumzi hadi tumbo liinuke, iachie polepole, dakika kumi asubuhi na jioni. Wanaokaa kwenye bodaboda kutwa wanaihitaji kuliko wote. Dawa zipo pia, za kulegeza njia ya mkojo na za kutuliza mishipa ya fahamu, lakini daktari anayekuandikia ya tumbo lazima ajue habari za mkojo wako, na wa mkojo ajue za tumbo.

Kuna moja linalowasumbua sana wanaosali: matone yanayotoka baada ya kukojoa, yakamtia mtu wasiwasi na udhu wake. Mara nyingi ni mkojo uliobaki kwenye mkunjo wa mrija, wala si ugonjwa. Ukimaliza, subiri kidogo, kisha bonyeza kwa vidole nyuma ya korodani na usukume taratibu kuja mbele mara mbili tatu. Mkojo uliobaki utatoka hapohapo.

Siku ya kuja, iwe zahanati, kituo cha afya au hospitali ya mkoa ya Bombo ukipewa rufaa, njoo na daftari la siku tatu: umekojoa saa ngapi, kiasi gani ukipima kwa kikombe kimoja, choo kilikuwaje, maumivu yalikuja lini. Leta kila unachomeza kwenye mfuko mmoja, vidonge, unga na mizizi, hata ile uliyopewa na shemeji. Na usipitie chooni kabla ya kuingia, maana mkojo huo tutauhitaji.