Cheti cha ubora wa chuma kinachoagizwa nje: kinathibitisha nini hasa?

Chuma kinapovuka mpaka, swali la ubora huulizwa mara tatu, na kila swali lina karatasi yake. Kwanza, kiwanda kilichokitengeneza kimeidhinishwa? Pili, chuma hiki chenyewe, kilichotoka kwenye tanuri siku hiyo, kina nguvu na mchanganyiko unaotakiwa? Tatu, mzigo uliopakiwa melini ndio ule uliopimwa? Waagizaji wengi huziita karatasi zote tatu "cheti cha ubora", kisha wanashangaa mzigo unapozuiwa forodhani ilhali "cheti kipo". Kipo kweli, ila kinajibu swali ambalo afisa hakuuliza.

Karatasi ya kwanza ni leseni ya kutumia alama ya ubora. Hii hupewa kiwanda, si mwagizaji wala kampuni ya kati. India ni mfano ulio wazi. Bidhaa nyingi za chuma haziingii nchini humo bila alama ya ISI, na kiwanda cha nje kinapaswa kuiomba leseni kwa Ofisi ya Viwango ya India, BIS. Wakaguzi hufika hadi kiwandani, na kiwanda hulazimika kuwa na mwakilishi anayeishi India. Kampuni moja ikiwa na viwanda viwili, kimoja na leseni na kingine bila, chuma cha hicho cha pili hakina leseni, hata kama jina lililo kwenye ankara ni lilelile. Juni 2025 Wizara ya Chuma ya India ilikwenda mbali zaidi: hata chuma kilichotumika kama malighafi kitimize viwango vya nchi hiyo. Anayenunua mabomba basi anapaswa kujua koili (mabati marefu ya chuma yaliyoviringishwa) zilizokunjwa kuwa mabomba hayo zilitoka kiwanda gani.

Karatasi ya tatu nitaipitia haraka. Ni cheti cha shehena. Kampuni ya ukaguzi iliyoidhinishwa na nchi inayopokea hukagua mzigo kabla haujasafirishwa na kuandika kwamba unalingana na kiwango kilichotajwa. Cheti hicho ni cha mzigo huo tu. Mzigo ujao, hata ukiwa wa bidhaa ileile kutoka kwa muuzaji yuleyule, unahitaji chake.

Karatasi ya pili, cheti cha majaribio cha kiwanda, ndiyo inayostahili kusomwa mstari kwa mstari, na ndiyo inayosomwa kidogo kuliko zote. Kiwango cha Ulaya EN 10204 kinazigawa hati hizi katika aina nne. Aina ya 2.1 ni tamko tu: mtengenezaji anasema bidhaa inalingana na oda, bila takwimu yoyote. Aina ya 2.2 ina takwimu, lakini zimetokana na ukaguzi wa kawaida wa uzalishaji, na si lazima vipande vilivyopimwa viwe vimetoka kwenye mzigo wako. Kuanzia 3.1 mambo hubadilika. Hapo majaribio yamefanywa kwa bidhaa zenyewe zinazouzwa au kwa kundi zilimotoka, na anayetia saini ni mkaguzi wa kiwanda asiye chini ya idara ya uzalishaji. Aina ya 3.2 inaongeza saini ya mkaguzi wa mnunuzi au mkaguzi aliyetajwa na kanuni za serikali. Kwa chuma cha kubeba uzito, hati ya 2.2 inamwambia mnunuzi habari za kiwanda, wala haimwambii habari za chuma alichonunua.

Tuchukue bamba la unene wa milimita 25, daraja la S355J2, tulisome. Namba 355 ni megapaskali, kipimo cha nguvu kwa eneo: ni kiwango cha mvuto ambacho chuma kikishakipita, hakirudi tena kwenye urefu wake wa awali. Cheti kikionyesha 348, msomaji wa haraka atasema bamba limefeli. Halijafeli. Kwa unene unaozidi milimita 16 hadi 40, kiwango cha chini kinashuka hadi 345. Lakini bamba la milimita 12 lenye 348 hiyohiyo limefeli, kwa sababu hadi milimita 16 kinachotakiwa ni 355 kamili. Kwa hiyo unene lazima usomwe pamoja na nguvu.

Herufi J2 inahusu jaribio la kugongwa kwa nyundo kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Vipande vitatu hupimwa nishati ambayo kila kimoja hunyonya kinapovunjwa, na wastani wake usipungue jouli 27. Kuna sharti la pili ambalo wengi hawalijui: ni kipande kimoja tu kinachoweza kuwa chini ya 27, nacho kisishuke chini ya asilimia 70 ya kiwango hicho. Cheti chenye 35, 30 na 18 kina wastani unaozidi 27, lakini kipande cha 18 kinaiangusha seti nzima. Kingekuwa 19, ingepita.

Kisha kuna jedwali la kemia. Kaboni, manganizi, fosforasi na salfa huwa zipo daima. Kwa bamba litakalochomelewa, mhandisi hutafuta kaboni linganishi: kaboni, ongeza manganizi iliyogawanywa kwa 6, ongeza jumla ya kromiamu, molibdenamu na vanadiamu iliyogawanywa kwa 5, ongeza jumla ya nikeli na shaba iliyogawanywa kwa 15. Kwa bamba letu jibu lisizidi asilimia 0.45. Likizidi, sehemu iliyo kando ya mshono wa kuchomelea inaweza kuwa ngumu mno na kupata ufa.

Fomula hiyo haihesabu boroni. Katika mfumo wa kimataifa wa namba za forodha, chuma chenye boroni ya asilimia 0.0008 au zaidi huhesabiwa kuwa chuma cha aloi, yaani kilichoongezewa elementi nyingine. Kwa miaka kadhaa viwanda vya China viliongeza chembe hizo za boroni ili bidhaa zao zipate marejesho ya kodi yaliyotolewa kwa chuma cha aloi, hadi serikali ilipoyafuta marejesho hayo kwa chuma cha boroni kuanzia Januari 2015. Boroni hata kwa kiasi hicho kidogo hukifanya chuma kiwe kigumu zaidi kinapochomelewa, na mwagizaji asiyeitisha kipimo chake kwenye cheti hawezi kujua kuwa ipo. Nafasi tupu kwenye jedwali haina maana ya sifuri. Ina maana kwamba hakuna aliyepima, au hakuna aliyeandika.

Kinachoiunganisha karatasi na chuma ni namba ya myeyuko. Kila mara tanuri linapoyeyusha chuma, mzigo huo wa mara moja hupewa namba yake, na namba hiyo huandikwa kwenye cheti na kugongwa au kupakwa rangi kwenye bamba, au kuwekwa kwenye lebo ya fungu la nondo. Namba ya kwenye chuma isipofanana na ya kwenye karatasi, mwenye mzigo hana cheti, hata akiwa na kurasa kumi zenye mihuri. Bamba likikatwa, namba ihamishiwe kwenye vipande vyote kabla msumeno haujaanza, maana kipande kisicho na namba ni chuma kisichojulikana.

Siku hizi hati hiyo inasomwa pia kwa sababu ya asili ya chuma. Tangu tarehe 30 Septemba 2023, Umoja wa Ulaya unawataka waagizaji wa bidhaa nyingi za chuma zilizosindikwa katika nchi nyingine waonyeshe kwamba malighafi haikutoka Urusi, na cheti cha majaribio kinachotaja ilikoyeyushwa ni mojawapo ya ushahidi unaokubaliwa.

Je, takwimu zenyewe zaweza kudanganya? Zaweza. Mwaka 2017 Kobe Steel ya Japani ilikiri kwamba takwimu za ubora za baadhi ya bidhaa zake za aluminiamu, shaba na chuma zilikuwa zimebadilishwa. Ndiyo maana kazi nyeti hudai 3.2 badala ya 3.1, na ndiyo maana mnunuzi makini hukata kipande mzigo unapofika na kukipeleka maabara huru.

Yote haya yaandikwe kwenye oda: daraja, unene, aina ya hati, elementi za kupimwa. Oda ikinyamaza, muuzaji anaweza kuleta 2.2 na asiwe amevunja mkataba. Maabara ya mahali mzigo ulipofikia inaweza kupima na kutoa ripoti, lakini haiwezi kutoa 3.1, kwa sababu hati hiyo hutolewa na mtengenezaji peke yake.